Kituo cha Alasiri: Huduma Bora kwa Watoto Baada ya Masomo na Namna ya Kumfikia Kila Mtoto

Kengele ya mwisho ya shule ya msingi inapolia, mwalimu humaliza zamu yake wakati wazazi wengi wangali shambani, sokoni, kiwandani au safarini. Wanafunzi wa darasa la kwanza na la pili hutoka mapema kuliko wenzao wa madarasa ya juu, na ndio walio wadogo zaidi. Kati ya adhuhuri na machweo kuna pengo la saa kadhaa ambamo mtoto hana mwalimu wala mzazi karibu. Mtoto anayekaa bila uangalizi saa nne kila siku ya shule hukaa hivyo saa 20 kwa wiki, muda unaokaribia ule anaoutumia darasani mwanafunzi wa darasa la kwanza.

Saa hizo zina athari mbili. Ya kwanza ni ya usalama: mtoni, kwenye madimbwi ya machimbo, kando ya barabara kuu na katika nyumba isiyo na mtu mzima ndipo madhara mengi dhidi ya watoto hutokea. Ya pili ni ya elimu. Tangu Januari 2016 elimumsingi katika shule za Serikali hutolewa bila ada, na madarasa yamejaa. Mtoto aliyeachwa nyuma katika kusoma, kuandika na kuhesabu hapati kwa urahisi mwalimu wa kurudi naye hatua kwa hatua katika darasa lenye wanafunzi wengi. Alasiri ndiyo nafasi iliyobaki.

Makala haya yanaeleza huduma ya watoto baada ya masomo ni nini, mambo gani huifanya iwe bora, kwa nini watoto wanaoihitaji zaidi ndio mara nyingi wasioifikia, na ni hatua zipi wakazi wa kata wanaweza kuchukua kuianzisha au kuiboresha.

Yaliyopo sasa

Si kweli kwamba alasiri ni tupu katika kata. Watoto wengi wa Kiislamu huenda madrasa. Makanisa huwa na kwaya na mafundisho ya watoto. Walimu na wahitimu wa sekondari huendesha masomo ya ziada kwa malipo. Viwanja vya mpira huwa na timu za watoto, hata pale ambapo kocha ni kijana mmoja anayejitolea. Nyumbani nako kuna bibi, shangazi au jirani anayeangalia watoto wa nyumba tatu kwa pamoja bila kulipwa chochote.

Kila moja kati ya hizo ina thamani yake, lakini zote zina mipaka. Masomo ya ziada humpata mtoto ambaye mzazi wake anaweza kulipa, na mara nyingi huwa marudio ya somo lilelile la asubuhi kwa watoto wa darasa la nne na la saba wanaojiandaa kwa mitihani. Timu ya mpira huwapata zaidi wavulana. Bibi mwenye watoto tisa hawezi kuwafundisha wote kusoma. Wanaobaki nje ni walewale: mtoto wa darasa la pili ambaye bado hajui silabi, msichana anayerudi mbio kuteka maji na kubeba mdogo wake, mtoto mwenye ulemavu, na mtoto anayeishi kitongoji cha mbali.

Kituo cha alasiri kinachozungumzwa hapa ni huduma ya kata au kijiji inayotolewa siku kadhaa za wiki baada ya masomo, katika jengo lililopo, chini ya watu wazima waliokubaliwa na jamii. Hutoa mambo manne: mahali salama, msaada wa kusoma na kuhesabu kwa kiwango cha mtoto, michezo, na kitu cha kutia tumboni. Si shule ya pili, na si mahali pa kumalizia mada ambazo mwalimu hakuzimaliza asubuhi.

Ubora na upatikanaji: mizani miwili

Huduma yoyote hupimwa kwa maswali mawili. La kwanza: je, anayeifikia hufaidika? La pili: je, anayeihitaji huifikia? Zahanati yenye dawa zote ambayo wagonjwa hawawezi kuivukia mto imejibu swali la kwanza peke yake. Kituo cha watoto hupimwa vivyo hivyo, na mfano ulio wazi zaidi wa jambo hili unatoka India.

Katika wilaya ya Jaunpur, jimbo la Uttar Pradesh, shirika la elimu la Pratham na kundi la watafiti, wakiwemo Abhijit Banerjee na Esther Duflo, walifanya utafiti katika vijiji 280 mwaka 2005 na 2006. Katika vijiji 65 kati ya hivyo, vijana wa kijiji waliojitolea walipewa mafunzo ya siku chache ya mbinu rahisi ya kufundisha kusoma, kisha wakaendesha madarasa ya kusoma nje ya saa za shule. Vijana hao hawakuwa walimu wenye vyeti. Hata hivyo, watoto waliohudhuria walipiga hatua kubwa: waliokuwa hawatambui herufi walianza kuzitambua, na waliokuwa wakisoma maneno walianza kusoma hadithi fupi.

Tatizo lilikuwa mahudhurio. Katika vijiji hivyo, takriban watoto 8 tu kati ya kila 100 walifika kwenye madarasa hayo. Hata miongoni mwa watoto wasiojua kusoma kabisa, ambao ndio waliolengwa, waliofika walikuwa takriban 13 kati ya kila 100. Mbinu ilikuwa nzuri na walimu walikuwepo, lakini watoto wengi waliokusudiwa waliendelea kubaki walipokuwa. Miaka iliyofuata Pratham iliipeleka mbinu hiyohiyo ndani ya majengo na saa za shule, mahali ambapo watoto tayari wapo, na ikawafikia wengi zaidi.

Funzo kwa kata yoyote ni la moja kwa moja. Kijana mwenye moyo na mafunzo mafupi anaweza kumfundisha mtoto kusoma. Hilo halina haja ya kutiliwa shaka. Kazi ngumu zaidi ni kumfanya mtoto aliyeachwa nyuma afike mahali alipo kijana huyo, wiki baada ya wiki. Ndiyo maana mpango wa kituo unapaswa kuanza na watoto wanaotarajiwa kukosekana, ndipo ufuate mpango wa masomo.

Kinachofanya kituo kiwe bora

Ubora hautegemei jengo jipya wala kompyuta. Watafiti watatu wa Marekani, Joseph Durlak, Roger Weissberg na Molly Pachan, walichapisha mwaka 2010 uchambuzi wa tafiti zipatazo 70 kuhusu programu za watoto baada ya shule nchini humo. Programu zilizoleta manufaa kwa tabia na masomo ya watoto zilikuwa na sifa nne zinazofanana: shughuli zilipangwa kwa hatua zinazofuatana, watoto walifanya wenyewe badala ya kusikiliza tu, muda maalumu ulitengwa kwa ajili ya stadi iliyokusudiwa, na stadi hiyo ilitajwa wazi tangu mwanzo. Programu zilizowakusanya watoto bila mpango huo hazikuonyesha manufaa ya namna hiyo.

Katika kituo cha kata, sifa hizo huonekana katika mambo yafuatayo.

Kupanga watoto kwa kiwango. Mtoto wa darasa la nne asiyejua silabi hafaidiki na zoezi la ufahamu la darasa la nne. Siku ya kwanza kila mtoto hupimwa kwa dakika chache: asome herufi, kisha silabi, kisha maneno, kisha aya fupi, kisha hadithi. Anapokwama ndipo kundi lake lilipo. Upimaji wa namna hii umekwisha kutumika Afrika Mashariki. Mpango wa Uwezo, ulioanza kupima watoto majumbani Tanzania, Kenya na Uganda mnamo mwaka 2010, uliazima utaratibu huo kutoka India, na ulibainisha kuwa watoto wengi wa darasa la tatu hawakuweza kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Baada ya kila mwezi mtoto hupimwa tena na kuhamishwa kundi akistahili.

Ratiba isiyobadilikabadilika. Kituo cha saa mbili kinaweza kugawanya muda hivi: dakika 15 za kunawa mikono, kunywa uji na kuitwa majina, dakika 40 za kusoma kwa makundi, dakika 25 za hesabu kwa kutumia vijiti, mbegu au vifuniko vya chupa, dakika 30 za michezo, na dakika 10 za hadithi ya pamoja kabla ya kuondoka. Mtoto anayejua kitakachofuata hutulia, na mzazi anayejua saa ya kufunga huweza kupanga kazi zake.

Idadi ya watu wazima. Kijana mmoja hawezi kuangalia watoto 60 na kuwafundisha. Kata inayoanza ingefanya vyema kuweka mwezeshaji mmoja kwa watoto wasiozidi 20, na kuhakikisha watu wazima wasiopungua wawili wapo wakati wote. Watoto wakizidi, zigawanywe siku: kundi moja Jumatatu na Jumatano, jingine Jumanne na Alhamisi.

Michezo kama sehemu ya kazi. Haki ya mtoto ya kupumzika na kucheza imo katika Ibara ya 31 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991. Rede, kuruka kamba, kombolela na mdako havihitaji bajeti. Mdako na bao, zaidi ya hayo, ni hesabu tupu: kuhesabu, kugawa na kukumbuka. Mtoto anayechoshwa na dawati kuanzia asubuhi hadi jioni huacha kuja, na mwenye kuacha kwanza ni yule aliyekuwa na shida ya kusoma.

Vitu vya kusoma. Hadithi fupi zilizoandikwa kwa mkono kwenye karatasi kubwa, kadi za silabi zilizokatwa kutoka maboksi, na vitabu vya shule vilivyokaa kabatini vinatosha kuanzia. Watoto wakubwa wanaweza kusimulia hadithi za bibi zao, mwezeshaji akaziandika, na hizo zikawa kitabu cha wadogo.

Kinachomzuia mtoto asifike

Kituo kikishawekwa, watu hudhani kila mtoto atakuja. Hali halisi ni kwamba kila sababu ndogo humtoa mtoto mmoja, na sababu tano zikikutana hubaki wale ambao wangefanikiwa hata bila kituo.

Umbali na giza. Mtoto mdogo huchukua karibu saa nzima kutembea kilomita tatu. Kwa kuwa jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni, kituo kinachofungwa saa kumi na mbili kinamfungia mlango mtoto wa kitongoji cha mbali. Kufunga saa kumi jioni, au saa kumi na nusu pale nyumba zilipo karibu, humrudisha mtoto nyumbani kungali na mwanga. Watoto wa njia moja huondoka kwa kundi, wakiwa na mtu mzima au mwanafunzi wa sekondari aliyepewa jukumu hilo kwa jina. Pale ambapo kitongoji kiko mbali mno, ni afadhali mwezeshaji awafuate watoto chini ya mwembe mara mbili kwa wiki kuliko kungoja watoto wadogo wavuke korongo.

Kazi za nyumbani. Mtoto kusaidia nyumbani ni sehemu ya malezi, na hakuna anayetaka kuiondoa. Lakini ndoo tatu za maji za msichana wa miaka tisa huweza kuwa ndizo zinazomkosesha kusoma. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 huweka umri wa miaka 14 kuwa wa chini kwa mtoto kufanya kazi, tena kazi nyepesi isiyomdhuru wala kuathiri masomo yake. Mazungumzo na familia huleta zaidi ya lawama: kuteka maji asubuhi au baada ya kituo, kugawana kazi kati ya wavulana na wasichana, na kumruhusu mtoto kuja na mdogo wake. Jamvi moja pembeni na mama mmoja wa kuwaangalia wadogo huweza kuwafungulia mlango wasichana wengi.

Malipo. Mchango wa shilingi chache kwa siku huonekana mdogo kwa aliye nao. Kwa mwenye watoto wanne ni gharama ya kila siku, na mtoto asiye nao huona aibu kufika mikono mitupu. Kituo cha kata kisimtoze mtoto mlangoni. Kama kuna mchango, upitie kwa kaya zote kwa uamuzi wa mkutano, na mtoto asirudishwe kwa sababu mzazi wake hajachanga.

Ratiba kugongana. Siku za kituo zipangwe baada ya kuzungumza na walimu wa madrasa, viongozi wa makanisa na walimu wa michezo. Siku ya gulio au mnada haifai, na katika msimu wa kupanda au kuvuna saa zinaweza kusogezwa. Mtoto asilazimishwe kuchagua kati ya dini yake na kusoma kwake.

Ulemavu. Mara nyingi mtoto mwenye ulemavu hakatazwi na mtu. Hukatazwa na ngazi mbili za mlango, na choo kisichoingilika, na mwezeshaji asiyejua aanzie wapi. Ubao ulioinamishwa juu ya ngazi, nafasi ya mbele kwa asiyeona au kusikia vizuri, na mazungumzo ya mapema na mzazi kuhusu anachoweza mtoto, ni hatua zisizo na gharama kubwa.

Usalama ni sharti la kwanza

Mahali panapokusanya watoto huvutia pia watu wasiofaa. Sheria ya Mtoto huipa mamlaka ya serikali za mitaa wajibu wa kulinda ustawi wa mtoto katika eneo lake, na humtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa kuitoa taarifa hiyo kwa mamlaka ya eneo husika. Kituo kinapaswa kujengwa juu ya wajibu huo kabla ya kufungua mlango.

Kila anayetaka kuwa mwezeshaji aombe kwa maandishi, atambulishwe na serikali ya kijiji au mtaa anakoishi, na aonane na Afisa Ustawi wa Jamii au Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Jina lake lisomwe mkutanoni, kwa maana wakazi hujua mambo ambayo barua haiyasemi. Kituoni, hakuna mtu mzima anayebaki na mtoto mmoja mahali pasipoonekana, na hakuna mtoto anayetumwa nyumbani kwa mwezeshaji. Vyoo vya wasichana na wavulana viwe mbali, na njia ya kuvifikia ionekane.

Adhabu ya viboko haina nafasi kituoni. Kanuni za shule humpa mamlaka ya adhabu hiyo mwalimu mkuu au mwalimu aliyeidhinishwa naye. Mwezeshaji wa alasiri hayumo. Mtoto anayevuruga huzungumzwa naye, na mzazi wake huitwa. Kamati za ulinzi wa wanawake na watoto za kijiji, mtaa na kata zijulishwe kuwepo kwa kituo na zikitembelee. Ubaoni paandikwe namba 116, ambayo ni ya simu ya huduma kwa mtoto, na watoto wafundishwe kuikumbuka kama wanavyokumbuka majina yao.

Kituo kinachowapokea watoto walio chini ya umri wa shule kila siku huingia katika masharti ya vituo vya kulelea watoto mchana, ambavyo husajiliwa chini ya Sheria ya Mtoto. Wakazi wanaofikiria huduma ya namna hiyo wamwone kwanza Afisa Ustawi wa Jamii.

Hesabu ya muhula mmoja

Mazungumzo ya kituo mara nyingi huishia kwenye kauli kwamba fedha hakuna. Kwa hiyo inafaa kuiweka hesabu wazi. Chukua mfano wa kituo cha watoto 40, siku tatu kwa wiki, kwa wiki 12. Hizo ni siku 36.

Uji wa gramu 50 za unga kwa kila mtoto hutumia kilo 2 za unga kwa siku, yaani kilo 72 kwa muhula mzima. Sukari ya gramu 15 kwa kila mtoto ni gramu 600 kwa siku, au kilo 21 na gramu 600 kwa muhula. Kikombe cha robo lita kwa kila mtoto ni lita 10 za uji, hivyo sufuria moja kubwa inatosha. Maji ya kupikia, kunywa na kunawa hayapungui ndoo mbili za lita 20 kwa siku.

Katika kijiji chenye kaya 300, kilo 72 za unga zikigawanywa ni gramu 240 kwa kila kaya kwa muhula: chini ya robo kilo. Kiasi hicho kikichangwa baada ya mavuno, kikatunzwa mahali pakavu chini ya mtu aliyechaguliwa na kuandikwa daftarini, uji wa muhula umepatikana bila kumdai mtoto yeyote.

Gharama iliyo nzito zaidi ni ya watu. Wawezeshaji wawili wakifanya kazi saa mbili kwa siku 36, kila mmoja hutoa saa 72 kwa muhula. Vijana huanza kwa moyo wa kujitolea, lakini kibarua kikitokea huondoka, na kituo hufa katika mwezi wa pili. Posho ndogo inayolipwa kwa wakati, hata ikiwa ya nauli na sabuni, hulinda kazi kuliko ahadi kubwa isiyotimizwa. Walimu wastaafu, wahitimu wa kidato cha nne na cha sita na akina mama waliosoma wanaweza kupangwa kwa zamu ili mmoja akiumwa mwingine awepo.

Jengo, madawati na choo tayari vipo shuleni, na alasiri hubaki bila kutumika. Kuvitumia kunahitaji ridhaa ya mwalimu mkuu na kamati ya shule, pamoja na makubaliano yaliyoandikwa kuhusu nani anafungua, nani anafagia, na nani anatengeneza kinachovunjika.

Njia ya kulifikisha jambo kwenye uamuzi

Wazo la kituo lianzie pale wanapoishi watoto. Wazazi wachache na mwalimu mmoja wanaweza kwanza kuorodhesha watoto wa kitongoji au mtaa kwa umri, darasa, umbali na anayekuwa nao alasiri. Orodha hiyo ya kurasa mbili ina nguvu kuliko hotuba.

Hatua ya pili ni kamati ya shule, ambayo hujadili matumizi ya majengo. Ya tatu ni mkutano mkuu wa kijiji au mkutano wa mtaa, ambako kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ana sauti. Hapo ndipo huamuliwa siku, saa, mchango na majina ya wawezeshaji, na muhtasari huandikwa. Ya nne ni Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani na katibu wake ni Afisa Mtendaji wa Kata. Afisa Elimu Kata hutoa ushauri wa kupima viwango vya kusoma, na Afisa Maendeleo ya Jamii husaidia kuunganisha kituo na vikundi na wadau.

Kama kata inataka kituo kiingie katika mpango na bajeti ya Halmashauri, ni lazima kuzingatia kalenda. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na mapendekezo ya vijiji na mitaa hukusanywa miezi mingi kabla ya tarehe hiyo. Ombi linalofika mwezi Mei hukuta mgawanyo umekwisha kufanyika. Muhtasari wa mkutano, orodha ya watoto na hesabu ya muhula vikiwasilishwa mapema, ombi hupata mahali pa kusimamia.

Daftari na maswali ya kila miezi mitatu

Kituo kinahitaji daftari moja lenye sehemu tatu: mahudhurio ya kila siku, kiwango cha kusoma cha kila mtoto mwezi hadi mwezi, na mapato na matumizi. Sehemu ya mahudhurio ndiyo husahaulika, kwani mwezeshaji huhesabu waliofika na kuridhika. Ukurasa wenye manufaa zaidi ni ule wa wasiofika. Mtoto aliyekosa siku tatu mfululizo atembelewe nyumbani ndani ya wiki hiyo, na sababu iandikwe: aliumwa, alihamia kwa shangazi, alichekwa kwa nguo, njia ilijaa maji, baba hakujua kituo ni bure. Sababu zikikusanywa kwa muhula mmoja, huonyesha kitu cha kurekebisha kabla ya muhula unaofuata.

Kila baada ya miezi mitatu, taarifa fupi isomwe katika mkutano wa kijiji au mtaa. Wakazi wana haki ya kuuliza maswali manne na kupata majibu yenye tarakimu. Ni watoto wangapi walioorodheshwa kuwa hawajui kusoma, na wangapi kati yao huhudhuria? Ni wangapi wamepanda kundi tangu taarifa iliyopita? Wasichana ni wangapi, na watoto wenye ulemavu ni wangapi? Unga na fedha zilizochangwa zimetumikaje?

Kituo chenye watoto 40 wachangamfu wa nyumba zilizo jirani na shule kinaweza kupendeza machoni pa mgeni na bado kikawa hakijaanza kazi yake. Kituo chenye watoto 25, ambao 15 kati yao hawakujua silabi mwezi Januari na sasa wanasoma aya, kimeitendea kata jambo kubwa. Tofauti kati ya hivyo viwili haionekani kwa kupita njiani. Huonekana kwenye daftari, na daftari hilo lipo kwa ajili ya kila mkazi atakayeomba kulisoma.

Wakazi wanaotaka kuanza wanaweza kumwona Afisa Mtendaji wa kijiji, mtaa au kata yao, au kufika kwa Afisa Elimu Kata na Afisa Maendeleo ya Jamii, wakiwa na orodha ya watoto mkononi.